Nyumba ya wageni ya masista, Kisumu: Ramadhani yangu kwa Wakatoliki

Nianze na bei, maana ndiyo watu huuliza kwanza. Chumba cha kitanda kimoja ni shilingi 1,500 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Chakula cha jioni ni 350 ukikitaka. Kwa mahali safi, penye lango na mlinzi, na mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hospitali kubwa, Kisumu ya leo huwezi kulalamika. Unalipa kwa M-Pesa au taslimu, na risiti unaandikiwa kwa mkono. Jina la nyumba sitaliweka hapa kwa sababu masista wenyewe waliniomba nisiliweke: vyumba ni vichache, na wanataka vibaki kwa watu wenye wagonjwa. Ukiwa na mgonjwa wako Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wenyeji wanaiita hivyo mpaka leo kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, muulize muuguzi wa wadini au ulizia ofisi ya parokia upande wa Kibuye. Utaelekezwa.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Mwislamu, na kazi yangu ni jiko: mahamri na mbaazi alfajiri, viazi karai jioni, na biriani watu wanapokuwa na shughuli zao. Kwa hiyo nikisifu au nikikosoa chakula, nasema kama mtu aliyezeekea jikoni. Kisumu nilikwenda Machi 2025, katikati ya mfungo, baada ya mdogo wangu anayeendesha lori kupata ajali barabara ya Busia na kuvunjika paja. Sina jamaa mji huo. Nilishuka kwenye basi la usiku na buibui langu na begi moja. Gesti ya kwanza niliyoingia, kijana wa mapokezi alitazama kitambulisho changu, akanitazama mimi, akasema vyumba vimejaa. Kabla sijafika mlangoni, aliyekuwa nyuma yangu alishapewa ufunguo. Aliyewahi kufanyiwa hivyo anajua moyo unavyokuwa, na sina haja ya kueleza zaidi.

Ni muuguzi aliyenituma kwa masista. Getini nilimkuta mzee mmoja na daftari lake. Alinikagua begi kama nilivyoona baadaye akikagua la kila mtu, hata la padri aliyekuja na gari. Akaandika jina langu lote, Khadija na ya baba na ya babu, bila kulikata. Kisha akaniuliza mgonjwa wangu yuko wadi gani na amefanyiwa upasuaji au bado. Hakuniuliza kingine. Sista wa mapokezi alipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Karibu sana mama. Pole na safari, na pole na mgonjwa. Umefunga, ama nikuletee chai?"

Chumba ni kidogo: kitanda, meza, kiti, ndoana tatu za nguo, dirisha linalofunguka vizuri. Mashuka yamepigwa pasi. Juu ya kitanda kuna msalaba wa mbao. Sista aliniona ninavyoutazama, akasema, "Huo uko vyumba vyote mama, ni wa nyumba. Kama unakutatiza kwenye swala yako niambie." Nikamwambia haunitatizi, mimi naulizia kaskazini tu. Tukatoka barazani sote wawili, akanionyesha. Kwa faida ya Mwislamu mwingine atakayefika: Kisumu kibla ni kaskazini, ukienda mashariki kidogo, ziwa likiwa kisogoni. Kwenye chumba kile ulikuwa ni ukuta wa dirisha, na msalaba ulibaki kando yangu. Jioni nilikuta mkeka mpya umekunjwa juu ya kiti.

Hapo ndipo ninapotaka watu wasome polepole. Ule msalaba haukuondolewa kwa ajili yangu, wala sikusukumiwa usoni. Nimelala hoteli ambazo ukutani hamna alama ya dini yoyote, na hakuna hata mtu mmoja aliyejali kama nimekula. Hawa wana dini yao imejaa nyumba nzima, kengele, sanamu ya Bikira Maria uani, nyimbo za asubuhi, na ni hao waliotaka kujua naswali nikielekea wapi.

Jikoni sasa. Siku ya kwanza sista wa jikoni aliniita mwenyewe, akanisimamisha mbele ya sufuria zake, akasema ukweli wake. "Nyama ya ng'ombe tunanunua buchari, na machinjioni anayechinja ni Mwislamu, hiyo nina uhakika. Lakini sufuria zangu sitakudanganya, nguruwe hupita humu Jumapili kadhaa." Kuna wahudumu wangapi wangesema hivyo? Wengi wangenyamaza, na mimi ningekula bila kujua. Kesho yake akatoka sokoni Kibuye na sufuria mpya, mwiko, kisu na ubao. Akavitundika kwenye msumari wa peke yake karibu na dirisha, na kipande cha katoni juu yake kilichoandikwa kwa kalamu nene: YA NYAR MOMBASA. USIGUSE. Jina hilo, yaani binti wa Mombasa kwa Kijaluo, wapishi wote walinishika nalo, na mpaka naondoka hakuna aliyeniita kwa jingine.

Samaki wao ni ngege wa ziwani. Wanamkaanga kwanza mpaka ngozi ikauke, kisha wanamrudisha kwenye nyanya na kitunguu, basi. Hakuna nazi wala ukwaju, na ndimu niliomba mwenyewe. Lakini samaki ni wa siku hiyohiyo, nyama yake inakatika kwa vipande vikubwa vyeupe, na ugali wao wa wimbi unakwenda naye sawasawa. Mnavu wanaupika na maziwa, umelazwa usiku kucha ukalainika. Mboga hiyo ni nzuri, nimekuja kuijaribu nyumbani haikutoka vile. Chapati hapana. Ni nene, hazichambuki, na zimekosa mafuta. Chai ina maziwa mengi na majani machache. Niliwaambia, wakaniruhusu nikae jikoni alasiri moja tukasukuma chapati pamoja, ila sista anayesukuma ana mkono mzito na sidhani kama atabadilika.

Daku ndiyo sitaisahau. Sikuiomba. Nilikuwa nimenunua mkate na maziwa ya pakiti nikaviweka chumbani. Saa kumi alfajiri nikasikia mzee wa getini anagonga taratibu, mara mbili, "Mama, amka ule." Nje ya mlango palikuwa na kijimeza. Juu yake chupa ya chai, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu, chupa ya maji, na ndoo ndogo yenye kifuniko. Nikafunua ndoo: taulo. Ndani ya taulo, gazeti. Ndani ya gazeti, viazi vitamu, bado vinatoa mvuke. Masista hulala saa nne, kwa hiyo walivichemsha usiku wakavifunga namna ile ili vinikute na moto wake. Ikawa hivyo kila siku niliyokuwa pale. Nilipokwenda kuuliza nitaongeza pesa ngapi, sista wa mapokezi alishangaa. "Chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba, mama. Wewe unainywa mapema tu."

Na jioni pia. Jua la Kisumu linachelewa. Mombasa wakati huo wa mwaka tunafuturu saa kumi na mbili na nusu imepita kidogo, huku ni karibu dakika 20 baadaye, na mtu aliyefunga anajua dakika 20 hizo zina uzito gani. Chakula cha wageni hutolewa saa kumi na mbili na nusu, na saa moja wanaanza kukusanya vyombo. Sista wa jikoni alitafuta nyakati za swala kwenye simu yake, akaziandika kwenye ubao karibu na jiko, na sahani yangu ikawa inatoka wakati wake. Uji, tende alizopata sijui kwa nani mjini, kisha chakula. Ijumaa mzee wa getini alinitafutia tuktuk ya kunipeleka msikiti wa Jamia, akapatana bei kabla sijapanda nisije nikapandishiwa.

Mwaka huo Kwaresima yao na Ramadhani yetu zilikwenda pamoja. Jumatano ya Majivu, siku wanayoanza, iliangukia Machi 5, sisi tukiwa tumeanza kufunga siku chache tu kabla. Masista nao walikuwa wakila kidogo, jioni bakuli moja la supu ya maharage, Ijumaa hakuna nyama, na alasiri wakifanya njia ya msalaba. Wanachobana kwenye chakula chao cha siku hizo wanakiingiza kwenye vyumba viwili vya nyuma ambavyo havilipishwi. Humo nilimkuta mama wa Turkana aliyeleta mtoto kufanyiwa upasuaji, na kijana wa upande wa Uganda anayemwangalia babake. Sote tulikula meza moja, sahani zilezile, wanaolipa na wasiolipa, na hungejua nani ni nani. Mimi nilijua kwa sababu yule mama alinieleza mwenyewe tukiwa tunaanika nguo.

Ukutani kwenye chumba cha kulia kuna ubao uliochongwa maneno: "Yeyote atakayewajia, rafiki au adui, mwizi au mnyang'anyi, apokewe kwa wema." Nilimuuliza Sista Mkuu, ambaye ni mtu mzima sana na huongea polepole, nani anaandika mwizi kwenye ukuta wa nyumba ya wageni. Akaniambia ni maneno ya Fransisko wa Asizi, mtakatifu wao, kwenye kanuni aliyowaandikia watawa wenzake mwaka 1221. Masista hawa ni wa familia yake ya kitawa. Halafu akanisimulia kitu ambacho sikukijua hata kidogo. Mwaka 1219, wakati wa vita vya msalaba, majeshi ya Wakristo yakiwa yameuzingira mji wa Damietta kule Misri, Fransisko alivuka mstari wa vita pamoja na mwenzake mmoja, bila silaha, akaenda kwa Sultani al-Malik al-Kamil. Angeweza kukatwa kichwa palepale. Sultani alimpokea, akamsikiliza, akamrudisha salama. "Kwa hiyo mama," akasema, "baba yetu alikuwa mgeni kwenu kwanza. Deni ni letu."

Nami nikampa ya kwetu, tuliyofunzwa madrasa tukiwa wadogo: Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume aliwaambia waende Habasha, upande wa Ethiopia ya leo, kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi wakitaka warudishiwe watu wao. Najashi akawaita wakimbizi wajieleze, na Jaafar bin Abi Talib akamsomea sehemu ya Sura ya Maryam mpaka mfalme akalia, akakataa kuwatoa. Sista Mkuu aliweka kijiko chini. Alitaka kujua sura hiyo inasema nini juu ya Maryam, na tukakaa hapo mpaka taa za uani zikawashwa, mimi nikimweleza habari za mtende na maumivu ya uzazi, yeye akiuliza.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. Je, haya yote wananifanyia kwa wema wao tu, au wanaweka dini yao pembeni kidogo ili mgeni asijisikie vibaya? Akatikisa kichwa. Akasema kukaribisha wageni ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya mwili ambayo mtoto wa Kikatoliki hufundishwa, sawa na kulisha wenye njaa, kutazama wagonjwa na kuzika wafu. Akanitajia Injili ya Matayo sura ya 25, siku ya hukumu, Bwana anaposema, "nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Kisha akanishika mkono. "Usidhani tumeuweka Ukristo wetu kando ili tukupokee. Ungelikuta lango hili halina huo Ukristo, labda lingekuwa limefungwa."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Kwetu pwani mtu akitaka kumsifu mkarimu wa dini nyingine husema, huyu hana udini. Masista hawa wana udini wa kutosha, wamevaa dini yao kutoka kichwani mpaka miguuni, na ndiyo iliyowafanya usiku wanifungie viazi kwenye taulo. Sifa ya nyumba hii, kama ni kuipa nyota, ni hiyo kabla ya mashuka na samaki.

Wala si kila aliyelala pale alikuwa na moyo huo. Mgeni mmoja, mtu wa kanisa lao, aliuliza mezani kwa sauti kama siku hizi masista wanafungua msikiti. Meza nzima ikanyamaza. Sista Mkuu hakumjibu. Aliinua bakuli lake, akahamia kiti kilichokuwa kando yangu, akaniuliza daktari amesema nini kuhusu mguu wa mdogo wangu. Basi, mazungumzo yakaendelea.

Jioni zile walikuwa wakimwombea Papa Fransisko, aliyekuwa amelazwa hospitali Roma tangu katikati ya Februari. Picha yake ipo kwenye ubao wa matangazo, amekaa na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, siku walipotia sahihi waraka wa udugu Abu Dhabi, Februari 2019, miaka 800 baada ya ile safari ya Damietta. Sikuingia kanisani na hakuna aliyenialika kwa kunishurutisha. Lakini mlango wa kanisa dogo huachwa wazi, na nikiwa barazani nilisikia jina la mdogo wangu, Mwislamu mwenye jina la Kiislamu, likisomwa baada ya jina la Papa kwenye orodha ya wagonjwa. Papa alipofariki Aprili niliwapigia simu kuwapa pole, na nilikuwa na uchungu kweli.

Sasa kasoro, maana zipo na nataka zirekebishwe. Vyandarua ni vifupi, havifiki chini ya godoro, na mbu wa Kisumu si wa kuchezea, huko malaria ni ya mwaka mzima. Changu walikibadilisha nilipolalamika, vya vyumba vingine sidhani. Maji ya moto ni ya sola, kwa hiyo jioni ni mazuri na alfajiri ni barafu. Intaneti inashika chumba cha kulia tu. Simu ya mapokezi haipokelewi wakati wa sala, na mtu aliye mbali anaweza kudhani nyumba imefungwa.

Kubwa zaidi ni ngazi. Mdogo wangu alipotolewa, daktari alitaka apumzike kabla ya safari ndefu ya kurudi pwani, naye yuko kwenye magongo. Vyumba karibu vyote viko juu. Walimpa chumba cha chini kinachowekwa kwa mapadri wanaopita, na hilo ni jambo kubwa, lakini choo chake kina kizingiti kirefu kama kiganja na nusu, na sakafu inateleza. Fundi wa nyumba alipigilia ubao wa kumteremshia siku ileile, akafunga na kamba ya kushikia. Nilimshukuru, na bado nikamwambia Sista Mkuu waziwazi: nyumba inayopokea watu wa hospitali iwe na angalau chumba kimoja chenye njia ya kiti cha magurudumu na vyuma vya kushikia chooni, vya kujengwa, visiwe vya kupigilia mgonjwa akishafika. Alikubali. Akaniambia pesa zikipatikana ndilo la kwanza.

Ukitaka runinga chumbani, bia, au kurudi usiku wa manane, hapa si kwako, na Kisumu ina hoteli za kutosha za namna hiyo. Lango linafungwa saa tatu na nusu usiku, na kengele ya kwanza inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri, utaamka utake usitake. Kama una mgonjwa, kama wewe ni mgeni wa mji, kama umekwisha kuambiwa mahali pengine kwamba vyumba vimejaa, nenda. Piga simu kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, hapo hakuna sala. Sema mapema usichokula na kama mgonjwa wako hapandi ngazi, kwa sababu kile chumba cha chini ni kimoja tu. Beba chandarua chako. Na iliki pia toka nayo nyumbani, za sokoni kule ni ghali na zimepoteza harufu.